Mtoto Aliyerusha Mawe Dranya

Wenzangu mnaobaki kazini, nilikabidhi pikipiki ya ofisi Ijumaa moja asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana mlikuwa mmeshaanza kugombania nani ataiendesha. Kwa hiyo sina wasiwasi na pikipiki. Wasiwasi wangu ni juu ya mambo yasiyo na ufunguo wala tangi: namna ya kukaa uani kwa watu, namna ya kumsubiri mzazi ajaribu tena kitu kilichomshinda jana, namna ya kunyamaza. Hayo siwezi kuyakabidhi kwa kusaini, basi nayaandika.

Nilianza kama mwalimu wa darasa la kwanza hapa Arua, pembe hii yetu ya Uganda. Kila mwaka nilipokea watoto waliokuwa wameshajua mambo mawili kuhusu wakubwa: kwamba wanapiga kelele, na kwamba wakimaliza kelele wanachukua fimbo. Wengine walikuwa wanajikunja hata nikinyoosha mkono kuchukua chaki. Shirika lilipotangaza linatafuta watu wa kufundisha wazazi wa watoto wadogo, niliomba. Wenzangu shuleni walicheka. Mwanamume mzima, walisema, anakwenda kufundisha akina mama kulea.

Aliyenipokea ni Mama Candiru, mkuu wa timu yetu. Alikuwa amefundisha chekechea maisha yake yote, na goti lake moja lilikuwa bovu, lakini hakuacha kukaa chini sakafuni na watoto. Kazi ya kumwinua ilikuwa yetu. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Awindiri, katika chumba nyuma ya kanisa. Nilikuwa na kitabu cha mafunzo chenye picha nzuri za rangi. Nikasoma na kueleza. Akina mama walitazama kwa adabu, kama watu wanaosikiliza matangazo ya msiba usiowahusu. Nilipofika kwenye picha ya mtoto aliyetumwa chumbani kwake mpaka hasira zipoe, mama mmoja muuza samaki akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "hii mutoto ya picha iko na chumba yake peke yake. Yangu nalala na sisi wote, na kuku. Mimi natuma yeye chumba gani?"

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Mama Candiru akasimama, akakifunga kitabu, akamwita yule mama mbele. "Wewe uwe mtoto wako," akamwambia. "Mimi niwe wewe. Nakuita uoge, hutaki." Yule mama alimwigiza mwanawe vizuri mno: alijitupa chini, akapiga mateke, akafunga macho. Mama Candiru akamwendea karibu, akamgusa bega, akasema neno moja tu kwa sauti ya kawaida, akasubiri. Tulisubiri wote. Mwisho "mtoto" akainuka, na papo hapo "mama" akamshukuru kwa kuja kuoga. Halafu wakabadilishana. Saa ile ndipo darasa lilipoanza.

Tukiwa njiani kurudi akaniita jina langu, akaniambia kwa Kilugbara, lugha yetu, polepole, "Andama, hawa hawakuja kusikia. Wamekuja kujaribu. Ukiongea kuliko wao, siku imepotea." Mengi niliyosoma baadaye yalikuwa maelezo marefu ya maneno hayo.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini nitavitaja kwa sababu kila baada ya muda mtu fulani anataka kutuletea vya dukani. Mfuko wa kitambaa. Ndani yake magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda, makopo yasiyo na ncha kali, mwanasesere wa matambara, na udongo wa kinamasi uliofungwa kwenye majani ya mgomba usikauke. Mzazi akiona magunzi anajua kwamba hata nyumbani kwake yapo, na hawezi kusema hana vifaa. Tulimwomba kitu kimoja kila siku: acheze na mtoto muda mfupi, mtoto ndiye aongoze. Si kumtahini. Hapo ndipo wengi waliponaswa. Mtoto anapanga vifuniko, baba anauliza hii rangi gani, ngapi hizi, sema kwa Kiingereza. Baada ya muda mfupi mtoto ameondoka na baba amebaki akicheza peke yake.

Kule Adumi tulikuwa na kundi la akina baba, kwenye baraza la duka lililokuwa likifungwa siku zisizo za soko. Mmoja wao, Onzima, alikuwa askari zamani. Nilipomwambia amsifu binti yake kwa kutaja alichokifanya, alisimama wima akanguruma, "Wewe! Umeleta maji! Vizuri! Endelea!" Binti aliangusha kibuyu akakimbia. Onzima akanigeukia kwa masikitiko ya kweli. "Mwalimu, mimi nasifu, yeye natoroka." Tukaanza na sauti. Alijifunza kuongea na mtoto akiwa amechuchumaa, na mambo mengine yote yalifuata, kwa sababu mtu mwenye mwili mkubwa kama ule akichuchumaa hawezi kunguruma vizuri. Mpaka kundi linamalizika, binti alikuwa anamletea udongo wa kuchezea bila kuitwa.

Kuna kipindi wakubwa wa ofisi walitaka tufupishe kozi. Badala ya vikao vya muhula mzima na kutembelea nyumba, tuwakusanye wazazi wengi uwanjani, tuwape mafunzo kwa kipaza sauti siku mbili. Nilisema mkutanoni kwamba siku mbili tunaweza kuziita mkutano, sherehe au hata mazishi, lakini tusiziite mafunzo ya malezi. Kitendo kinajifunzwa kwa kukirudia mbele ya mtu anayekutazama kwa wema. Nilisema hivyo kila mkutano mpaka wakachoka kuniuliza. Wakija tena na wazo hilo, na watakuja, semeni hivyohivyo.

Sasa nifike Dranya, wilayani Koboko, ambako nilifanya kazi yangu ya mwisho nzito.

Kiden alikuwa mama kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Aliingia Koboko na mwanawe Lasu akiwa mchanga mgongoni. Mtoto wa pili, wa kike, alimzaa hapa. Mumewe alirudi kwao kutafuta kazi, na habari zake zikakatika. Kiden hakwenda kwenye kambi ya wakimbizi. Mkulima mmoja wa kabila la Wakakwa, Jamba, alimpa sehemu ya kujenga kibanda na kipande cha kulima pembeni mwa shamba lake la ufuta, simsim kwa lugha ya huku, na kwa misimu kadhaa waliishi vizuri.

Lasu alipofika umri wa miaka mitano hivi, mawe yakaanza. Aliwarushia kuku, mbuzi, watoto wenzake kisimani. Alimng'ata mdogo wake mpaka damu ikatoka. Kisha siku moja jiwe likampata binti wa Jamba, Keji, juu kidogo ya jicho. Walimshona zahanati. Jamba hakupiga kelele. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Kiden akamwambia, "Mimi nangoja mpaka simsim natoka shambani. Kama hii mutoto bado narusha mawe, nyinyi natafuta pahali ingine."

Kiden alikuja kwenye kikao chetu wiki hiyo, akakaa nyuma kabisa. Mama mwingine ndiye aliyeninong'oneza habari zake. Siku iliyofuata nikaenda kwake.

Nilimkuta Lasu amefungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya ghala. Kamba ilikuwa ndefu kiasi cha kumwezesha kufika kivulini, si zaidi. Mama yake alikuwa anapalilia akimtazama kwa mbali. Aliponiona aliacha jembe akaja mbio, akaanza kuifungua kamba.

"Mwalimu, hapana chukua yeye," akasema. "Mimi iko peke yangu. Nikienda shamba, nani nachunga yeye?"

"Mimi hapana kuja kuchukua mutoto," nikamwambia. "Mimi nakuja kukaa kidogo."

Tuliongea hivyo siku zote, Kiswahili chetu cha huku, kile kilichopita kambi za jeshi na masokoni kabla ya kutufikia. Mimi sikujua lugha yake, naye hakujua yangu, na Kiswahili kile kilitutosha kwa kila jambo. Nilikaa chini, nikamwaga magunzi na vifuniko mbele yangu, nikaanza kupanga bila kumtazama mtoto. Lasu alichukua gunzi moja akanipiga nalo usoni. Alikuwa na shabaha. Nilifuta macho, nikaendelea kupanga. La pili lilinipita. La tatu hakurusha. Alilishika, akachuchumaa kwa mbali akinitazama.

Kiden alikuwa amejifunika uso kwa khanga. "Mimi natoka mbali na yeye," akasema polepole. "Nabeba yeye kwa mgongo siku mingi, na risasi nalia nyuma. Sasa hata mimi naogopa yeye. Mama gani naogopa mutoto yake?"

Nimesikia mengi katika kazi hii, lakini maneno hayo nilikwenda nayo Koboko mjini na kurudi nayo Arua. Sikumjibu kwa ushauri. Nilimwambia kwamba kesho asubuhi, kabla ya shamba, wakati mtoto mdogo bado amelala, akae na Lasu na magunzi haya kidogo tu. Lasu aongoze.

"Na mawe?" akauliza.

"Mawe tutafika. Kwanza kucheza."

Hakuamini, na sikumlaumu. Simsim ilikuwa imeshaanza kutoa maua.

Kazi ikaanza. Kamba tuliiondoa siku ileile, lakini mtoto aliyezoea kufungwa anahitaji shughuli, la sivyo miguu itampeleka. Tukakubaliana aende shambani na mama yake akiwa na kikapu chake mwenyewe cha kubebea magugu. Tulifanya mazoezi ya kuamrisha: mkaribie, mguse bega, sema neno moja, subiri. Kabla ya hapo Kiden alikuwa anaamrisha akiwa mbali, mara tano tano, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akilia kwa makusudi, mama ageuze uso mpaka aache. Jiwe likirushwa, mchezo umekwisha: Lasu akae kwenye mkeka kando ya mama yake, bila maneno, mpaka atulie, kisha arudi kwenye shughuli kama kawaida, bila kusimangwa. Tuliigiza yote hayo mimi nikiwa Lasu. Majirani walikuja kutazama mtu mzima akijitupa kwenye vumbi. Sikuwafukuza, nao walikuwa wazazi.

Wiki za mwanzo mambo yaliharibika zaidi, na hili mlikumbuke. Mtoto aliyezoea kupata anachotaka kwa kulia, akikosa, hulia zaidi kabla ya kuacha. Lasu alilia mpaka sauti ikakauka. Alivunja chungu. Alirusha mawe kwenye paa la Jamba. Jamba akanikuta njiani akanisimamisha.

"Mwalimu, hii mafundisho yako iko nafundisha mutoto kulia?"

"Iko karibu kubadilika, Baba Keji."

"Simsim pia iko karibu," akasema, akaenda zake.

Nilimpigia simu Mama Candiru. Alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku Awindiri, na kuku walisikika vizuri kuliko yeye. Nikamweleza yote na kumwuliza tujaribu nini kingine.

"Hakuna kingine," akasema. "Shikeni hilohilo. Ukimletea yule mama jambo jipya leo, atajua hata wewe umekata tamaa."

Nikashika hilohilo. Nilikwenda Dranya mara nyingi kuliko ratiba ilivyotaka. Siku moja nilifika nikaona mistari ya fimbo kwenye miguu ya Lasu. Kiden hakungoja niulize.

"Jana mimi napiga. Yeye nang'ata dada yake tena, mimi nachukua fimbo. Kazi yote naharibika, Mwalimu."

"Na leo asubuhi?"

Akafikiri. "Leo asubuhi sisi nacheza."

"Nani naongoza?"

"Yeye. Yeye natengeneza ng'ombe ya udongo. Mimi natengeneza pembe."

"Basi kazi hapana kuharibika," nikasema. "Wewe naendelea."

Kiden akajifunga khanga upya kiunoni, akachukua kikapu. Nilimwona anaamua. Nimewaona watu wakiapa mbele ya umati, na sijaona uamuzi thabiti kama ule.

Kisha nikaenda kwa Jamba, kwa kuwa mtoto haishi na mama yake peke yake. Nilimwalika kwenye kikao. Alikataa.

"Mimi nalelewa na fimbo," akasema, "na mimi iko mutu."

"Mimi hapana kuja kubishana na baba yako," nikamjibu. "Mimi naomba kitu moja tu. Siku wewe naona Lasu napita na mkono haiko na jiwe, ambia yeye wewe naona."

"Mimi nasifu mutoto kwa sababu hapana piga mimi?"

"Ndiyo."

Alicheka kwa uchungu, akaendelea kunoa panga. Niliondoka nikijua kwamba ombi langu lilisikika kama matusi kwa mtu ambaye binti yake ana kovu usoni. Lakini ilibidi liombwe.

Baada ya siku kadhaa nilikuwa na Kiden shambani, tukizungumza. Mbuzi wa Jamba alitokea akaanza kula majani ya kunde. Lasu akaokota jiwe, mkono ukapanda. Kiden alikuwa karibu. Alimgusa bega. "Lasu. Weka chini."

Mkono ulikaa juu. Kisha jiwe likaanguka, Lasu akamfukuza mbuzi kwa kupiga makofi. Kiden alisimama palepale machozi yakimshuka.

"Sifa," nikamnong'oneza. "Sema sasa."

"Asante, Lasu," akasema. "Wewe naweka jiwe chini. Mama nafurahi sana." Lasu alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari ngeni kumhusu yeye mwenyewe. Akachukua kikapu chake akaendelea kuokota magugu, akiimba.

Haikuwa mwisho. Mawe yalirudi, lakini yalipungua, na kati ya wiki moja na nyingine tuliweza kuliona hilo bila kujidanganya. Mke wa Jamba alinieleza kwamba asubuhi moja mumewe alimpita mtoto njiani, akasimama kama mtu aliyesahau kitu, akasema, "Lasu, leo mkono yako iko safi." Kisha akaondoka haraka. Lasu alibaki akiitazama mikono yake.

Simsim ikakomaa. Waliikata, wakaifunga vitita, wakaisimamisha kwenye fremu ya miti ikauke. Mnajua simsim ikikauka inavyofunguka na kumwaga mbegu kwa kuguswa tu. Siku ya kuikung'uta nilikwenda. Sikualikwa. Watu wa nyumba zote mbili walikuwepo, Kiden upande wa mbali akitandika turubai na wanawake wengine, watoto wakikimbizana.

Lasu alikuwa anakimbia akitazama nyuma. Alijikwaa kwenye nguzo, na upande mzima wa fremu ukaanguka. Mbegu zikamwagika mchangani kabla ya turubai kutandikwa. Lasu alisimama katikati ya vitita vilivyolala, akatutazama, akainama akaokota jiwe, akalishika kwa mikono miwili kifuani. Hakuwa na hasira. Aliogopa.

Kiden alianza kukimbia, lakini Jamba alikuwa karibu zaidi, na mkononi alikuwa na ufito wa kukung'utia. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Sikuwa na haki ya kumfundisha mtu yule siku ile mbele ya hasara yake.

Jamba aliitazama simsim iliyomwagika. Kisha akaulaza ufito juu ya vitita. Akamwendea mtoto, akachuchumaa, akamgusa bega. Kumbe alikuwa akitutazama siku zote, kutoka upande wake wa ua.

"Lasu," akasema kwa sauti ya kawaida. "Weka chini."

Akasubiri. Kiden alikuwa amesimama mkono mdomoni. Mke wa Jamba alimshika Keji. Hakuna aliyeharakisha.

Lasu akaliweka jiwe chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Asante," akasema Jamba. "Sasa leta ungo. Sisi naokota pamoja."

Waliokota mpaka jua likawa upande mwingine, mzee na mtoto, wakipepeta mchanga kutoka kwenye mbegu, na Keji baadaye akaja kuwasaidia. Zilizopona zilikuwa chache kuliko zilizopotea. Jamba hakusema neno juu ya kuondoka, na Kiden hakuthubutu kumwuliza. Tulikung'uta vitita vilivyobaki, tukafunga magunia.

Nilipokuwa naaga, Jamba alimwita Kiden. Alionyesha kwa kidole kipande cha ardhi upande wa kijito ambacho alikuwa hajampa mtu kamwe.

"Mvua naanza," akasema, "wewe napanda muhogo kule."

Sikuelewa mara moja kwa nini Kiden aliketi chini ghafla na kumkumbatia Lasu. Kisha nikakumbuka muhogo unavyokaa ardhini, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuvunwa, na kwamba hakuna mkulima anayempa shamba la muhogo mtu anayemtaka aondoke.